Jibu la Jumanne

Mkamburi alikuwa na miaka thelathini na moja, na kazi yake ilikuwa kuandika programu za hospitali moja ya misheni mjini Voi. Alikulia Mbololo, na tangu utotoni hakupenda kuulizwa jambo moja mara mbili.

Kazi aliyojivunia zaidi ilikuwa ukurasa ambao jamaa za wagonjwa waliufungua kwa simu. Mtu wa vijiji vya mbali kama Mata au Njukini hakuhitaji kufunga safari ili ajue mgonjwa wake ameamkaje. Aliandika namba ya mgonjwa, akasoma maneno ya muuguzi. Shida ilikuwa kasi. Asubuhi watu waliuliza kwa mamia, na kompyuta ya hospitali, kuukuu kama ilivyokuwa, iliganda. Mkamburi akaongeza mstari mmoja juu ya kipande cha programu kilichotafuta hali ya mgonjwa: @Cacheable. Kuanzia hapo, mtu wa kwanza akiuliza, programu ilikwenda hadi hifadhi kuu, ikaleta jibu, ikaliweka karibu. Waliofuata walipewa lile lile lililowekwa, bila safari ya pili. Na ili jibu lisichache kama maziwa, aliweka mstari mwingine, @CacheEvict, juu ya fomu ya wauguzi: muuguzi akiandika jipya, la zamani lifutwe.

Ukurasa ukawa unafunguka kufumba na kufumbua. Alipongezwa kwenye mkutano.

Miezi mitatu baadaye uongozi ulitaka fomu ya pekee ya kuandikisha vifo. Mkamburi aliimaliza kwa siku mbili, huku akiitwa huku na kule. Juu ya fomu ile hakuweka ule mstari wa kufuta jibu la zamani.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, Sista Tryphena wa wadi ya wanawake aliingia ofisini bila kubisha.

"Mkamburi, njoo. Kuna mzee hapa anasema mkewe yuko hai."

Mzee mwenyewe aliitwa Sylus, mkulima wa mahindi kutoka Njukini. Alikuwa ameketi kwenye benchi, thermosi ya uji katikati ya miguu, leso mpya imekunjwa mapajani. Mkewe, Ndunge, alilazwa na homa ya mapafu, akafariki Jumanne jioni. Hospitali ilipiga namba iliyoandikwa kwenye faili mara nyingi, na kila mara haikupatikana. Ilikuwa namba ya Ndunge mwenyewe. Simu yake ilikuwa imeishiwa chaji ndani ya kabati la wadi, hatua chache kutoka alipokuwa amesimama aliyempigia.

"Sina ugomvi, sista," mzee alisema, "lakini mmechanganya majina. Mimi nimemsoma leo kabla ya kupanda gari. Nimemsoma tena hapo getini. Mbuzi wake amezaa mapacha, ndiyo habari niliyomletea."

Akamnyooshea Mkamburi simu. *Ndunge, kitanda cha tisa. Amekula uji wote. Anamuulizia mumewe.* Hapakuwa na tarehe wala saa. Wakati wa kuunda ukurasa, Mkamburi hakuona haja ya kuziweka.

Alijua papo hapo kwamba fomu ya vifo haikufuta jibu la zamani. Hata hivyo alisema, "Hebu bonyeza tena, baba."

Mzee akabonyeza. Amekula uji wote. Anamuulizia mumewe.

"Umeona?" Sylus akasema, uso ukikunjuka. "Yupo."

Sista Tryphena alimshika mkono akampeleka chumba cha maiti. Mkamburi alirudi mezani kwake, na kupitia dirishani akasikia sauti ya mzee kutoka upande wa pili wa ua. Ilitoka mara moja tu, fupi, kama ya mtu aliyejikata kidole.

Kurekebisha kulichukua dakika tano. Kabla ya kufuta yale majibu ya zamani, aliandika namba ya Ndunge mara ya mwisho, na Ndunge alikuwa amekula uji wote. Alijua ni maneno tu, lakini kuyafuta kulikuwa kama kumuua mtu aliyekwisha kufa.

Alipokagua zaidi alikuta wanne wengine waliofariki mwezi ule, wote bado wakiendelea vizuri. Mmoja, babu aliyezikwa wiki tatu nyuma, alikuwa "amelala usingizi mzuri," na ukurasa wake ulifunguliwa kila alfajiri kutoka simu ile ile. Mwenye simu alikuwa amezika. Alijua. Mkamburi alifuta majibu yote, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yake. Simu ile ilifungua ukurasa mara moja tena kesho yake, ikakuta neno *amefariki*, na haikurudi.

Aliandika ripoti na kutia jina lake. Mkuu wake alimwonya asizungumze na familia. Jumamosi ya mazishi alikwenda Njukini.

Sylus alimsikiliza hadi mwisho, macho yake kwenye udongo mbichi.

"Kwa hivyo hakuna aliyenidanganya," alisema.

"Hakuna, baba. Mashine ilikumbuka pale ilipopaswa kusahau. Mimi ndiye sikuiambia."

"Yale maneno, aliyasema kweli? Ama mashine ilitunga?"

"Aliyasema. Jumanne asubuhi."

Mzee akatikisa kichwa. "Nililala usingizi wangu wote, mwanangu. Usiku mara mbili nimelala kama mtu ambaye hajafiwa. Hizo siku mbili utanirudishia vipi?"

Sylus hakumfukuza wala hakumsamehe. Alimwonyesha kiti, akaletewa sahani ya wali na maharagwe kama mgeni mwingine yeyote, naye akala.

Bado anafanya kazi pale. Ukurasa sasa una saa na dakika, na hakuna jibu linalokaa zaidi ya dakika moja. Lakini kuna kitu kimemwingia. Jumapili mama yake humpigia kutoka Mbololo kumwambia yeye ni mzima, na Mkamburi huuliza, "Sasa hivi, mama? Saa hii unayoongea?" Mama hucheka. Wakishaagana, Mkamburi hukaa kidogo na simu mkononi, kisha humpigia tena.