Matuta ya Mwanamkuu

Mwanamkuu binti Twalibu hakuwa mtu wa kuchezewa. Aliolewa Gwata akitokea Kisarawe, akafiwa na mume mapema, akabaki na mama mkwe, Bi Biasha, kizee kipofu ambaye nyumba yake ilikuwa chini ya mteremko. Marehemu alikuwa na ndugu, lakini kumtunza mama yao? Thubutu! Walimwachia yeye.

Masika ya kwanza ya ujane wake, maji yalishuka yakavunja ukuta wa jiko la Bi Biasha. Mwanamkuu akaenda kutazama kichaka cha makaburini, mahali ambapo hakuna anayekata kuni wala kufagia majani. Mvua ile ile, mteremko ule ule, na udongo wa kule haukubebwa. Maji yalikuta majani yaliyooza, mizizi na vishimo, yakatulia, yakanywewa na ardhi. "Kumbe!" akasema. Akarudi kuiga. Akachimba mashimo juu ya nyumba ya mkwewe, akainua matuta ya kukinga mteremko, akapanda mchaichai juu yake, na majani makavu akayaacha yalale. Miaka ikapita, maji yasiuguse tena ukuta wa Bi Biasha.

Lakini Gwata ile ya enzi ya Mwingereza, mwanamke asiyefagia alikuwa na jina lake: mchawi. Ukaja ukame, mihogo ikakauka, watu wakatafuta wa kumtwisha lawama. Zahoro, mdogo wa marehemu, akatangaza kwamba shemeji yake ameifunga mvua ndani ya mashimo yale. Shukrani ya punda mateke! Asubuhi akaja na wenzake, marungu na majembe mikononi. Mwanamkuu akawasubiri juu ya tuta, ameshika panga.

"Shemeji, matuta haya yanamlinda mama yako!"

"Mchawi mkubwa we! Toka!"

Alimkata mmoja wao, Maneno, begani kabla hawajamwangusha. Wakampiga marungu mpaka mkono wa kushoto ukavunjika na damu ikamjaa kinywani. Zahoro akachukua jembe, akabomoa tuta moja baada ya jingine, akang'oa mchaichai, akafukia mashimo, akaufagia mteremko mpaka ukawa mweupe. Na alicheka, mpumbavu yule, jasho likimtiririka.

Mvua ikaja wiki ile ile. Watu wakapiga vigelegele. "Si mnaona?" Zahoro akatamba. Vigelegele havijaisha, maji yakashuka mteremko mtupu na mawe na tope, yakaiangusha nyumba na Bi Biasha yumo ndani. Mwanamkuu alikimbia mkono unaning'inia, akafukua tope kwa mkono mmoja huku akipiga mayowe, akamtoa kizee mdomo umejaa udongo. Alikuwa ameshakata roho.

Wanawake hawaendi kuzika. Siku ile nani angemzuia Mwanamkuu? Aliwakuta wanaume kichakani, na ardhi ya kule, mvua yote ile, haikuwa na hata korongo moja. Zahoro alikuwa ndiyo kwanza anainua jembe kuchimba kaburi la mama yake. Mwanamkuu akalishika mpini.

"Hili limeshamzika mara moja. Lete hapa. Chimba kwa mikono."

Zahoro akapiga magoti, akachimba akilia, kucha zikachanika, damu ikachanganyika na udongo. Mwanamkuu alisimama pale na mkono wake uliovunjika mpaka kaburi likatimia kina.