Wimbo Uliorudishwa

Binti wa dada yangu anachora kadi za harusi kwenye simu na kuziuza humo humo simuni, kwa watu asiowajua. Juzi kaja kwangu macho yamemvimba. Mteja kaagiza kadi, kapelekewa, kasema haijampendeza, karudishiwa chake. Kesho yake kadi ile ile inazunguka kwenye magrupu, jina la bibi harusi limo.

"Mamdogo, watu wa siku hizi hawana haya," ananiambia.

Mie nikacheka mpaka nikamuudhi. Watu wa siku hizi! Mie nilifanyiwa hayo hayo kabla yeye hajazaliwa, kwa kanda za kaseti, na walionifanyia nawajua kwa sura na kwa nyumba zao. Kaniambia niandike. Basi naandika, na darasa langu la saba. Majina sitayataja, maana wana watoto na wajukuu ambao hawakunikosea. Lakini nani alifanya nini, hilo nitalisema.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Vitu vilivyokuwa vikiuzwa kwa kificho chini ya kaunta vilimwagwa barabarani, vitenge, sabuni za kunukia, na redio kaseti za deki mbili zilizotoka Dubai. Zamani shughuli ya harusi ya maana ilitaka kundi la taarabu, na kundi lilikuwa la wenye uwezo. Redio zilipojaa, asiye na uwezo naye akapata njia. Unamwendea mtu kama mie, anakutungia wimbo wa kumtoa bibi harusi, anaurekodi kwenye kanda, siku yenyewe unaupiga kwenye spika.

Mie nilikuwa nimeachika, nimepanga chumba Temeke, nyumba ya wapangaji wengi yenye ua mmoja na bomba moja. Sauti nilitoka nayo madrasa, kwenye kaswida. Shoga yangu wa chumba cha pili alikuwa anapiga dumbaki. Tunafunga dirisha, tunaning'iniza khanga mlangoni kuzuia mwangwi, tunaweka redio juu ya ndoo iliyogeuzwa, tunarekodi. Studio yetu ndo hiyo.

Wimbo wa kutolea ulikuwa na masharti yake, na kila mwanamke wa mjini aliyajua. Unatungwa kwa ajili ya mwali mmoja, kwa umbo lake na mwendo wake, na hausikiki popote kabla yeye hajatoka. Mlango unafunguliwa, wimbo unaanza, yeye anatoka na somo wake, yule kungwi aliyemfunda, na ukifika ubeti unaomsifu yeye mwenyewe, wanawake wanainuka kumtunza kwa noti. Mwali akitolewa kwa wimbo uliokwisha kusikika, ni kama kavalishwa gauni la harusi la mtumba, na watu wamelitambua.

Sharti la pili lilikuwa letu watungaji. Mteja anachukua kanda nyumbani, anasikiliza na somo wa binti na mashangazi. Wasipoupenda, anarudisha kanda na wewe unamrudishia chake. Wimbo unabaki wako, unaweza kuugeuza ukampa mwingine. Hakuna karatasi wala shahidi. Kilichokuwapo ni neno la mtu tu, na kwa muda mrefu lilitosha.

Sasa wakosaji.

Wa kwanza ni mama mmoja wa Kinondoni. Nyumba ya geti, sofa zina vitambaa vya kufuma, mume anafanya kazi bandarini. Alikuja mwenyewe mpaka Temeke, akakaa kitandani kwangu kwa sababu kiti sikuwa nacho, akanieleza binti yake alivyo: mrefu, shingo ndefu, anatembea kama hakanyagi. Nikamtungia. Wimbo ulianza hivi:

*Fungua mlango mwali, shangazi zako twangoja,*
*Tukuone kwa kamili, si kwa kusikia hoja.*

Tuliurekodi mchana. Nimefika "shangazi zako twangoja", navuta pumzi, mama mwenye nyumba huko uani akapiga ukelele: "Maji yamekujaaa!" Maji yalikuwa hayajatoka tangu juzi yake. Ndoo zikagongana, watu wakakimbia. Shoga yangu hakuacha dumbaki, na mie nikaendelea, maana sauti ilikuwa imekaa vizuri siku hiyo. Kwenye kanda ukelele ule unasikika wazi kabisa, kama nao umetungwa.

Nilimwambia yule mama: "Mama, kuna kelele kidogo hapo mwanzo. Ukiupenda, nitaurudia upya."

"Ngoja kwanza nikawasikilizishe wenzangu, mwanangu."

Baada ya siku chache akarudi na kanda. Hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika pochi kwa mikono miwili.

"Wenzangu hawakuupenda. Wamesema sauti ya uswahilini mno. Halafu hayo makelele ya wapangaji, aka! Sisi shughuli yetu watakuja watu."

Nikamrudishia chake. Roho iliniuma, lakini masharti ndiyo hayo. Kanda yangu nikaitia kwenye sanduku.

Haukupita muda akaja bimkubwa wa hapa hapa Temeke, wa familia ya siku nyingi, waliouza nazi na samaki wakavu tangu mji huu mdogo. Aliniona nakua. Alikuwa anamwoza kitinda mimba wake. Nikautoa wimbo uliorudishwa, nikabadilisha ubeti wa umbo, kwa kuwa huyu binti alikuwa mfupi, mnene wa haiba, mcheshi. Tukaurekodi upya wakati uani hamna mtu. Nikamweleza bimkubwa ukweli: wimbo huu uliagizwa na mtu, akaurudisha, haujasikika mahali.

"Una hakika haujasikika?"

"Nina hakika, bimkubwa."

"Basi kama wewe umesema, mie sina neno."

Siku ya shughuli nilikaa mkekani na wengine. Ua limejaa, wanawake na sare zao, spika juu ya meza. Mlango ukafunguliwa, bibi harusi akasimama kizingitini na somo wake. Wimbo ukaanza. *Fungua mlango mwali, shangazi zako twangoja...* Na pale ninapovuta pumzi, wanawake wa nyuma, wengi, kwa sauti moja:

"Maji yamekujaaa!"

Wakacheka. Mmoja akagongesha sinia kama ndoo. Kanda hii haikuwa na ukelele wowote, wao ndio waliouweka, kwa kuwa waliujua mahali pake.

Bibi harusi alitazama kulia, akatazama kushoto, hakujua anachekwa nini. Somo wake akamvuta ndani. Mlango ukafungwa. Wimbo ukaendelea kumsifu mtu ambaye hayupo, mpaka mtu akazima redio. Alitoka baadaye bila wimbo, kichwa chini, akaenda kwa mumewe.

Bimkubwa alinifuata mkekani. Hakupaza sauti.

"Umenivalishia mwanangu mtumba."

"Bimkubwa, wallahi..."

"Usiape. Wamecheka mbele yangu. Fungate ikiisha, mwanangu atarudi hapa kuniamkia, na wanawake hawa hawa watakuja. Mpaka siku hiyo, ama uniletee mwenye kosa aseme kwa kinywa chake, ama umtoe mwanangu kwa wimbo mpya. Usipofanya hata moja, hapa Temeke usimtungie mtu tena. Mie nitahakikisha."

Angeweza kweli. Kila shughuli ya eneo lile ilipita mkononi mwake, na mie kula yangu ilikuwa huko. Lakini niseme kweli, nilichokuwa nakiona mbele yangu si kula. Ni yule binti kizingitini.

Nikawauliza waliopiga kelele wimbo wameupata wapi. "Manzese," wakasema, "upo kila mahali."

Manzese, kando ya barabara ya Morogoro, palikuwa na kibanda cha kanda. Redio tatu zimeunganishwa kwa waya, moja inapiga, mbili zinakopi. Nilipokaribia niliisikia sauti yangu mwenyewe kabla sijakiona kibanda, ikifuatiwa na mama mwenye nyumba wangu na maji yake.

Mwenye kibanda ni mkosaji wa pili. Kijana mchangamfu, ana shati la mtumba limeandikwa maneno ya Kizungu.

"Karibu sista. Unataka 'Maji Yamekuja'? Zimebaki chache."

"Hiyo sauti ni yangu."

Akanitazama, akacheka kwa furaha ya kweli. "We ndo mwenyewe? Sista, una kipaji! Watu wanaigombea. Kuna nyingine?"

"Nani kakuletea?"

"Mama mmoja wa Kinondoni. Alitaka kopi ya haraka, kasema ya asili ana pa kuirudisha. Nikamtolea. Na mie nikabakiza moja."

"Ulimwomba nani?"

"Nimwombe nani, sista? Kanda ikishatoka nyumbani haina mwenyewe. Hizo zote hapo," akaonyesha ukuta, "unadhani wenyewe wanajua kama zipo hapa?"

"Nitakushitaki."

"Kwa nani? Unipeleke jela ya Segerea kwa kosa la maji yamekuja?" Waliosimama pale wakacheka, naye akaongeza sauti ya redio.

Yule nilimchukia, lakini angalau alisema kweli. Nikaenda Kinondoni na shoga yangu. Yule mama alitupokea vizuri, chai ya maziwa na visheti. Picha za harusi ya bintiye zilikuwa mezani. Kwenye mojawapo binti yuko kizingitini, spika pembeni, wanawake wameinuka kumtunza.

Shoga yangu hana adabu ya kuzunguka. "Alitoka na wimbo gani?"

"Nyimbo zilikuwa nyingi."

"Wa maji yamekuja ulikuwemo?"

Mama akaweka kikombe chini. "Kanda yenu si nilirudisha?"

"Ulirudisha, mama," nikasema.

"Unayo?"

"Ninayo."

"Na mie nilichokupa ulinirudishia. Sasa nimekuibia nini? Kanda unayo, wimbo unao, koo unalo."

Nikamwomba jambo moja tu: aje Temeke, aseme mbele ya bimkubwa kwamba yeye ndiye aliyetoa kopi, kwamba mie sikuuza wimbo mara mbili.

"Niende Temeke nikajieleze kwa wauza samaki?"

Shoga yangu akasimama. "Sauti ya uswahilini uliiona ya kumtoa mwanao, lakini kwenda Uswahilini huwezi?"

"Tokeni nyumbani kwangu."

Tukatoka. Ikabaki njia ya pili.

Nilitunga siku zote za fungate. Nilikwishajua kwamba wale wanawake wa nyuma wakipata upenyo watautia ule ukelele, wimbo uwe mpya uwe wa zamani, kwa kuwa umeshakuwa mchezo wao. Kwa hiyo nikautunga bila kituo. Mwisho wa mstari mmoja unashika mwanzo wa mstari wa pili, pumzi naiba katikati ya neno, pale ambapo hakuna anayetegemea. Shoga yangu alifanya mazoezi ya kuujaza kila upenyo kwa dumbaki mpaka vidole vikafanya malengelenge. Humo ndani nilimweka yule binti alivyo: ufupi wake, kicheko chake, hina yake inayoanza kufifia. Neno mlango sikuliweka kabisa.

Na nikaamua jambo: huu hautaingia kwenye kanda. Nitauimba kwa mdomo wangu, mara moja, uishie pale pale uani.

Siku ilipofika, nimeingia, wanawake wamejaa, na katikati ya mkeka pana redio ya deki mbili. Kanda tupu imo ndani. Bimkubwa amekaa karibu yake.

"Bimkubwa," nikamwambia kwa sauti ya chini, "leo tusirekodi."

"Kwa nini?"

"Ukirekodiwa utatoka."

"Utatoka uende wapi? Utakaa kabatini kwangu. Mwanangu kachekwa, leo nataka kitu cha kumwachia, awasikilizishe wanawe."

"Yule wa Kinondoni naye alikwenda kuwasikilizisha wenzake tu."

"Mie ni yule wa Kinondoni?" Macho yalimtoka. "Wimbo ni wa nani? Si mie niliyeagiza? Au umenipa kwa azima?"

Wanawake walianza kutega masikio. Alikuwa mwaminifu, najua. Ila walikuwapo pale wakwe, majirani, wapwa, na kabati la nyumba ile halikuwa na ufunguo. Nikatazama mlangoni. Pazia lilikuwa limesogea kidogo, na chini yake naona miguu ya yule binti, amesimama, anasubiri. Mwali hasemi siku hiyo. Angesema, sijui angechukua upande wa nani.

"Chagua. Uimbe na kanda ikizunguka, ama uondoke na Temeke usitunge tena," bimkubwa akasema.

Nikaitazama tena ile miguu chini ya pazia, nikaitikia kwa kichwa, naye akabonyeza vitufe viwili vya kurekodi pamoja. Kanda ikaanza kuzunguka.

Nikaimba. Nilimwimba yule mtoto kuanzia unyayo mpaka wanja. Alitoka taratibu, mwanzoni anatazama wale wa nyuma, kisha akaacha kuwatazama. Mmoja wao alifungua kinywa mara mbili, akakosa pa kuingilia, akakifunga. Ubeti wake ulipofika wakainuka wote, na yule mmoja akiwemo, wakamtunza mpaka kitambaa cha kichwani hakikuonekana. Akacheka kile kicheko chake. Alikaa kwenye kiti akiwa bibi harusi kamili, na hilo hakuna aliyelipinga tena.

Bimkubwa akazima redio, akaitoa kanda, akaitia kifuani, akanishika mkono. "Yamekwisha, mwanangu. Kuna shughuli mbili mwezi ujao, nitakutaja."

"Usinitaje, bimkubwa."

"Bado una kinyongo?"

"Sina. Ila sitatunga tena."

Alidhani nimechoka. Alinitaja, wakaja, nikawaambia koo limekufa. Nikaanza kukaanga vitumbua, ambavyo mteja akishavila hana cha kurudisha. Manzese sikwenda tena kwa miaka mingi. Sikutaka kujua kama kanda ile ilibaki kabatini.