Koti Lisilale Ndani

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa usingizini au nina homa, nakujibu kabisa: nilikuwa macho, nimesimama, jua linawaka na pasi ya makaa iko mkononi. Niliyaona mwenyewe, sikuhadithiwa. Na sauti yangu ikipanda nikisimulia, univumilie, maana kila nikikumbuka siku ile damu inanichemka upya.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati gugu maji lilipolifunika ziwa hata boti zikawa zinakwama. Mimi ni Mkuria, mzaliwa wa Migori, nikaolewa na Mjaluo wa karibu na Kosele. Kwao hakuna aliyeniita kwa jina langu. Nilikuwa nyar Migori tu, binti wa Migori, na mume wangu na mimi tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokutana nacho. Alikuwa akinunua samaki kisiwani Remba. Boti yao ikapinduka. Walipomleta nyumbani nilimvisha mwenyewe, kwa hiyo usiniambie labda hakuwa amekufa.

Hata machozi hayajakauka, mdogo wake Ouma akaanza kunizunguka. Alitaka kunirithi, niwe mke wake. Nilimkataa mbele ya wazee wa boma, tena kwa sauti, ili asije akasema hakusikia. Wazee wakanuna. Wakaniambia nyumba ile ni ya ukoo, na mwanamke asiye na mtu hana ruhusa ya kukaa ndani yake. Nyumba ipi? Ile ambayo mimi nilikanda udongo wake na mume wangu akapigilia mabati? Nikawaambia sitoki. Binti yetu nilimpeleka kwa mama yangu Migori asisikie yale matusi, nikabaki peke yangu.

Riziki yangu ilikuwa kufua suti. Unacheka? Drai klina ilikuwa Kisumu, mbali, na mtu ana harusi Jumamosi. Nilijifunza kazi hiyo nikiwa kijana, kwa mama mmoja Mwislamu mwenye duka la nguo mjini Homa Bay. Sufu ni maji baridi. Sabuni iyeyuke kwanza, iwe kidogo. Unaibonyeza nguo kwa viganja, huisugui. Ukishaisuuza unaiviringisha ndani ya taulo, unaikandamiza inywe maji, kisha unaitundika kivulini kwenye henga pana ili mabega yasianguke. Na ukithubutu kuikamua, umeiua.

Mume wangu hakujifunza hilo hata siku moja. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na nguo yoyote mbichi akiiona kwenye kamba lazima aikamue, anaisokota kuelekea kushoto mpaka inalia. Tuligombana kwa ajili ya hilo kuliko jambo lingine lolote. Majirani walituzoea. Hata watoto wa boma walikuwa wakimwigiza.

Sasa sikiliza. Siku moja mchana, mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa, Ouma akaja na suti ya sufu ya kijivu mkononi. Sura ya upole, utadhani mlokole.

"Shemeji, nisaidie hii kitu. Kesho niko na harambee."

"Mbona hukuleta asubuhi?"

"Hakuna haraka. Wacha ilale tu hapa kwako, nitakuja kuchukua asubuhi."

Nikafikiri, afadhali. Labda amekubali kuwa shemeji, yamekwisha. Kweli nilifikiri hivyo! Nikaifua ile suti vizuri kama ninavyofua za wengine, nikaitundika. Suruali ilikuwa nyepesi, ikashika upepo. Koti lilikuwa na bitana nzito, likabaki linachuruzika. Nikaona mvua inakuja, nikasema nimalize kupiga pasi shati moja, halafu nitaliingiza ndani lilale kwenye msumari wa chumbani.

Ndipo nikasikia maji yanamwagika chini kwa nguvu, yanakoma, yanamwagika tena. Nikachungulia dirishani. Kwenye kamba kulikuwa na shuka, na nyuma ya shuka mtu amesimama. Simwoni uso. Naona mikono miwili tu imeshika mkono wa koti, inasokota.

Hasira ilinipanda kabla ya hofu. Nikatoka nje na pasi yangu, napiga kelele, "We! Sufu haikamuliwi! Nimekwambia mara ngapi?"

Nimekwambia mara ngapi. Unasikia nilivyosema? Mdomo ulimjua kabla yangu. Nikasimama pale pale. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto hakikukunjika, kama kile cha mume wangu kilichojeruhiwa zamani na kamba ya boti. Nikatazama chini ya shuka. Miguu ilikuwa mitupu, imelowa, na imeshika mchanga mweupe wa ufuoni. Niamini, kwetu Kosele ni udongo mwekundu. Mchanga huo hatuna.

"Nyar Migori," akasema, sauti yake ile ile. "Koti lisilale ndani."

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi nilimgombeza. Nikamwambia umekuja kuniambia habari za koti? Umeniacha na hawa watu wako wanaonitazama kama ng'ombe asiye na mwenyewe, umekwenda kufa majini kwa kushindana na upepo, sasa unarudi kuniharibia kazi ya mtu? Nililia, nikamwita majina yote niliyoyajua kwa Kiswahili, yalipokwisha nikaongeza ya Kikuria. Yeye anakamua tu. Akasema tena, polepole, "Lisilale ndani." Nikalivuta lile shuka.

Hakukuwa na mtu. Koti lilikuwa limetulia kwenye henga, kavu kabisa, bitana na yote, lina joto kama limetoka kwenye pasi. Mikono yake imesokotwa kuelekea kushoto. Chini palikuwa na dimbwi linalonuka ziwa.

Sikujua maana ya maneno yale. Nilichojua ni kwamba sitaki kitu kile karibu na mlango wangu. Nikabeba suti nzima mpaka kwa Ouma, ng'ambo ya ua, jua halijazama. Nikawakuta wazee wameketi uani, kuku amechinjwa, mama mkwe wangu yuko jikoni. Nikamtupia Ouma suti yake mapajani.

Akaruka kama ameunguzwa. "Mbona umeleta leo? Hii haiwezi kukauka leo!"

"Nani alikwambia haiwezi?"

Mwanamume ambaye hajawahi kufua hata soksi, alikwenda wapi kuuliza sufu inakaukaje? Mama mkwe akatoka jikoni, akaniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma: "Nyar Migori, ungeacha tu ilale. Koti ya mwanaume ikilala kwa nyumba ya mjane, ni kama yeye mwenyewe amelala. Tungekuwa tumemaliza hii maneno bila vita."

Basi wote walijua! Asubuhi wangekuja kulikuta koti chumbani kwangu, na mimi ningekuwa mke wa Ouma, nyumba yangu mikononi mwake, kwa mikono yangu mwenyewe na sabuni yangu mwenyewe. Nikawaambia ni nani aliyelikausha. Ouma akajaribu kucheka.

Mzee mmoja akaunyanyua mkono wa koti. Akaugeuza, akatazama ulivyosokotwa kuelekea kushoto. Akaunusa. Akaurudisha mikononi mwa Ouma taratibu, akachukua kofia yake, akaondoka bila kumgusa yule kuku. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Ouma alilipeleka koti lile Kisumu, drai klina ikashindwa kulinyoosha. Hakunitajia tena habari za kurithi, wala mtu mwingine pale bomani. Nyumba ninayo hadi leo. Mama mkwe nilimpelekea uji mpaka alipokufa, lakini sikuketi kwake tena.

Dada yangu unayenisikiliza, mwanamume akikuletea suti mchana, mawingu yanajikusanya, na anatabasamu, muulize kwanza inalala wapi. Kama haikauki, irudi kwake mbichi. Au iache nje inyeshewe. Ikiharibika, iharibike.

Mimi bado nafua. Kila siku naacha nguo moja mwisho wa kamba, mbichi, inachuruzika, makusudi. Inakauka yenyewe kwa upepo. Hajarudi kuikamua, na hilo, kuliko ya Ouma na wazee wake wote, ndilo linaloniudhi.