Mafuta ya Samaki Juu ya Mawese

Mimi ni mtu wa kujiamini, na nikikosea nakosea kwa sauti kubwa. Tuliporudi kwetu Gasorwe kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nilikosea kuhusu tumbo la mama yangu.

Kambini mafuta ya kupikia yalikuwa ya mgawo, na mama aliyapima kwa kijiko kimoja cha bati, asimwage hata tone. Siku tuliyovuka mpaka alikitupia kijiko kile ndani ya kikapu cha makorokoro, akaapa kwamba hatapima mafuta tena maishani. Na kweli hakupima. Maharage yetu yaliogelea kwenye mawese. Mama akanenepa, tumbo likamtangulia, na majirani wakamsifu kwamba amani imemkaa. Nami nililionea fahari tumbo lile kana kwamba nimelijenga mimi.

Kisha akaanza kuhema njiani kwenda kisimani, na zahanati wakamkuta na sukari. Niliogopa kwa ajili yake, na niliogopa kwa ajili ya shamba. Shamba letu lilikuwa mikononi mwa baba mdogo, aliyelilima tangu tulipokimbia. Wazee wa mlima, yaani wa kijiji chetu, walikubali kutusikiliza, ila kwetu mipaka huonyeshwa kwa miguu: anayedai azunguke kona zote mbele ya mashahidi. Baba alikwisha kufa, na aliyebaki anaijua mipaka ile ni mama peke yake. Tuliambiwa tusubiri hadi baada ya mavuno. Baba mdogo alilitazama tumbo la mama, akacheka.

"Huyo atafika wapi?"

Nilipanda gari mpaka Gitega nikiwa na hasira zangu. Huko ndiko nilikokuwa nikinunua ndagala, yaani dagaa, za kuuza, kwa mama mmoja Mkongomani wa Kivu ya Kusini. Nilipomweleza habari za tumbo la mama, alinionyesha kopo la vidonge vya mafuta ya samaki.

"Dada, iyi mafuta iko muzuri kwa moyo," aliniambia. "Lakini kesho usinilaumu: haiko ya kuondoa tumbo. We ambia mama yako apunguze mawese."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilisikia kwamba ni mazuri, nikanunua, mengine nikayaacha palepale mezani pake. Mama akawa anameza vidonge kila asubuhi, na chungu chake kikabaki vilevile. Mtu aliyezoea foleni ya mgawo hawezi kupunguza mafuta chunguni. Anajua kuongeza tu. Mimi nikawatangazia wanawake wote wa sokoni kwamba mama anayeyuka.

Hakuyeyuka. Miezi ikapita, nikampeleka hospitali Gitega. Muuguzi alimpima, akasoma karatasi yake.

"Mafuta ya mu damu imeshuka kidogo, iyo ni vizuri," alisema. "Lakini sukari iko palepale, na kilo zimepanda. Maman, ku nyumba munapika na mafuta ngapi?"

Mama akaonyesha kwa mkono jinsi anavyomimina.

"Donc, ni kusema samaki inasaidia damu, na mawese inajaza tumbo. Usiache dawa ya sukari. Kula ndagala yenyewe, uichemshe na nyanya, ikamate nafasi ya nyama ya kukaanga. Mafuta, kijiko kimoja. Na utembee."

Aliposikia kijiko, mama alilia. Hata siku tuliyokimbia sikumwona akilia vile.

"Nimerudi kwangu ili nipimiwe tena?"

Niliona aibu. Nilikuwa nimemnunulia vidonge ili nisilazimike kumwambia neno hilohilo.

Nyumbani nilikifukua kijiko kikapuni, nikakisugua kwa majivu. Mama alichemsha ndagala huku amenuna, akiziita chakula cha wagonjwa. Kila asubuhi tulitembea hadi barabarani na kurudi, tukigombana njia nzima. Tumbo halikwisha, nisiwadanganye tena. Lilipungua kiasi cha kitenge kufungika vizuri, na pumzi zikarudi.

Siku ya kuonyesha mipaka mama alianzia kwenye jiwe la kwanza, akafuata safu ya miti ya minyaa, akavuka kijito, akapanda mpaka jiwe la mwisho, lililofichwa na migomba ya baba mdogo. Akaweka mguu juu yake. Baba mdogo mwenyewe alikuwa amebaki kijitoni, ameketi, anahema.

"Shemeji!" mama alimwita kutoka juu. "Na wewe kapime sukari!"

Mashahidi walicheka, na wazee wakaturudishia shamba letu.

Jioni ile, mama akiwa jikoni, nilimwekea chupa nzima ya mawese kando ya chungu.

"Leo mimina, Mama. Ni siku yako."

Aliishika chupa, akaitazama kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kijiko, akakijaza asimwage hata tone.

"Kule nilipimiwa," alisema. "Hapa napima mwenyewe."