Siku Bibi Hakukaanga Maini ya Papa

Juzi nilikuwa Magogoni nasubiri pantoni. Maji yalikuwa yamekupwa sana, nguzo za gati ziko wazi mpaka chini, zimevaa vile vigamba vyeupe vinavyokata mguu, na mwani, na ute wa kijani. Nikashtukia vidole vyangu vimejikunja kama vimeshika kifuu. Mkono ulitaka kukwangua. Kutwa nasugua masufuria ya mama lishe kule Kiwalani, jioni mabega hayanyanyuki, na bado mkono umeona kazi ukaitaka.

Nilikuwa naenda msibani Kimbiji. Aliyefariki ni mama mmoja aliyekuwa jirani yetu, si ndugu yangu wa damu. Ili uelewe kwa nini niliomba ruhusa kwa ajili yake, inabidi nianze na mashua ya bibi.

Babu aliiacha. Bibi mwenyewe hakuwahi kuipanda, aliogopa maji. Mjomba ndiye aliyetoka nayo kuvua, na bibi kazi yake ilikuwa tumbo la mashua, ile sehemu inayokaa majini. Chombo cha mbao ukikiacha majini kinaota. Kinaanza ute, unafuata mwani, halafu vigamba, mpaka kinakuwa kizito kama kimepakia mchanga. Ila hivyo vyote unavikwangua vikatoka. Wa kuogopwa ni mdudu. Anaingia mwembamba kama uzi, anakula ubao kwa ndani, na kwa nje huoni kitu.

Kwa hiyo kila mwezi, maji yakijaa sana siku za bamvua, wanaume waliivuta mashua juu kabisa, maji yakitoka inabaki kavu. Sie watoto tulikwangua kwa vifuu na vipande vya bati. Kisha makuti makavu yaliwashwa chini ya tumbo, moto wa kupitapita tu, wa kumuunguza mdudu bila kuunguza ubao. Ubao ukiwa bado na joto, unapakwa.

Dawa ya kupaka waliitengeneza wanawake wawili. Bibi alikaanga maini ya papa uani mpaka yatoe mafuta, ambayo kwetu yanaitwa sifa. Jirani yetu huyo alichoma chokaa. Wakachanganya pamoja, huku wanachokozana.

"Chokaa yako leo ina mawe, shoga. Tunapaka au tunajenga?"

"Na maini yako yananuka mpaka maiti wanaziba pua."

Harufu ile haitoki kwa sabuni. Nikiingia darasani wenzangu wanapiga kelele, "Papa huyo, fungueni madirisha!" Mwalimu wetu, mtu wa bara, hakucheka, ila na yeye alinikalisha dirishani. Nilikuwa mwoga wa kusema, nikajifanya napenda upepo. Bibi nilipomwambia aliniita kwa utani wake wa siku zote. "Mke mwenzangu, hiyo harufu ndiyo itakupeleka sekondari. Sare, daftari, godoro la bwenini, vyote vinatoka kwenye tumbo la mashua." Nilikuwa darasa la saba. Nikaamini, na nikaendelea kunuka.

Mwezi mmoja masika yalikaribia, na mashua ilikuwa imechelewa kupandishwa kwa sababu samaki walikuwa wengi na mjomba hakutaka kupoteza hata siku. Bamvua ikaingia. Maini yameshaletwa, yako kwenye beseni, bibi ameshawasha jiko. Asubuhi hiyo tukasikia kilio nyumba ya pili. Mume wa jirani alikuwa amefariki.

Bibi alisimama kidogo pale uani. Kisha akalifudikiza sufuria lake, akajifunga kanga, akaenda kukaa mkekani.

Jioni mjomba alimfuata. "Mama, maji yanarudi. Tukingoja tanga la msiba lianuliwe, bamvua imepita. Niruhusu nikakaange ufukweni."

"Na upepo unatoka wapi?"

"Baharini."

"Basi. Watu wamekaa na sinia mbele yao, mie niwapelekee maini ya papa? Na hao wa kuivuta mashua utawatoa wapi, makaburini?"

Jirani mwenyewe, macho yamevimba, alimshika bibi mkono. "Shoga, kaangeni. Mie sitasikia harufu yoyote leo."

"Nitaisikia mie," bibi akasema, na hapakuwa na mazungumzo tena. Maini yakaharibika, mjomba akayazika.

Bamvua iliyofuata ilikuta mvua. Makuti yalilowa, moto haukushika. Tulipokuja kuichoma hatimaye, mjomba aligonga ubao kwa kifundo cha kidole. Ukaitika kama ngoma, mtupu ndani. Akagonga wa pili, wa tatu. Bibi alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo ya dawa. Akaitua chini, akakaa mchangani, akasema, "Haya." Sikuwahi kumsikia akilalamika. Mwaka ule nilifaulu, na mwaka uliofuata nilikuja Kiwalani kwa shangazi kumlelea mtoto. Mbao za mashua tulipikia.

Sasa juzi nimefika Kimbiji, mchana, tanga la jirani halijaanuliwa. Bibi hayupo, alishatangulia mbele ya haki. Pale uani kwetu pamekodiwa na kijana anayetengeneza boti za faiba. Hakuna vifuu, hakuna makuti. Mashine ya kusugua inalia tangu asubuhi, na boti imegeuzwa tumbo juu, inapakwa rangi nyekundu ya kopo, ile ya kuzuia vigamba. Harufu yake inakaba koo. Sisi tumekaa mkekani, upepo unatoka baharini.

Binti wa marehemu aliniomba nikamsemeshe yule kijana asimamishe kwanza. Nilienda polepole. Kijana akazima mashine, akavua barakoa, mtu mwenye adabu kabisa.

"Poleni sana, dada. Nimeambiwa. Ila mwenye boti anaitaka kesho, nisipompa anaenda kwa mwingine. Nina watoto."

Nilitazama chini. Kwenye kona ya uani yalikuwepo bado yale mafiga ya bibi, meusi. Nilitaka kumwambia kuna mtu alisimama hapohapo alipo yeye, na alikuwa na mtoto wa kusomesha. Sikuweza. Angeniuliza ikawaje, na mimi hapa ndilo jibu lake.

"Sawa, kaka," nikamwambia. "Kazi njema."

Nikarudi mkekani. Mashine ikawaka. Sinia ikaletwa, na wali wote ulinuka rangi, na kati ya sisi tuliokula hapakuwa na hata mmoja aliyeziba pua.