Njia ya Chooni katika Nyumba ya Baba

Daktari wa Mombasa aliniambia vidonda hivi vya utumbo mpana haviponi. Hulala na kuamka, na wasiwasi huviamsha. Alhamdulillahi, nimekaa navyo muda wa kutosha kujua kinachoviamsha zaidi: nyumba ya marehemu baba yangu hapa Kismayo. Tuliikimbia wakati wa vita. Tuliporudi kutoka kambini tulimkuta mtu ndani, akasema ni ya ukoo wake.

Kila kikao cha wazee wa usuluhishi kilipokaribia, damu ilianza. Kikiahirishwa, ilipungua. Mke wangu alichoka kufua.

"Mwachie, Maalim," alisema. "Mchu gani huyu, mtu wa kupigana na kuta?"

"Nikimwachia, tumbo litajua?"

"Litajua. Limekushinda akili."

Nilicheka, lakini sikumwachia. Hukumu ya mwenye udhuru nimeisomesha mwenyewe: hutawadha kwa kila sala, akasali hivyo hivyo na maradhi yake. Sikuona kwa nini kudai haki kuwe na masharti magumu kuliko kusali.

Mara ya mwisho wazee walitaka tukutane ndani ya nyumba yenyewe. Sikuwa nimeonja kitu tangu jana yake, tumbo lisije likaniaibisha. Nikajifunga kitambaa chini ya kikoi, nikaenda.

Yule mtu alizungumza kwa adabu. "Mzee huyu namheshimu," alisema, "lakini hajapata kuishi humu."

Tumbo likanikata. Nikainuka. "Niwieni radhi, nahitaji choo."

Akanielekeza uani, kwenye choo alichojenga yeye. Huko nisingefika. Nikakata kushoto, nikapita jikoni, nikalisukuma kando gunia la mkaa, nikafungua mlango mdogo uliokuwa nyuma yake na kuingia nimeinama, maana ngazi hupita juu ya pale na dari ni fupi. Choo cha baba kilikuwa palepale, kimejaa vumbi.

Niliporudi, jasho limenilowesha, wazee walikuwa wakiutazama mlango wa jikoni. Mmoja akamgeukia mwenyeji.

"Kule jikoni kuna choo?"

"Ni stoo," akajibu.

"Basi Sheikh ameingia stoo akatoka mwepesi."

Walicheka wote isipokuwa mwenyeji.

Uamuzi haujatoka. Wanasema nisubiri, na damu haijakatika bado. Nasubiri, na ninamshukuru Mola hata kwa tumbo hili. Kikao kijacho nitakwenda nimekula.