Mwezi wa Kumi na Tatu

Kwenye kaunta ya leseni za uchimbaji hapa Tarime, mama mmoja wa Nyakunguru aliweka kidole kwenye karatasi yake: 5/9.

"Leseni ya duara langu, shimo la dhahabu, inaisha tarehe tano, mwezi wa tisa. Leo ni Juni."

Karani akamgeuzia kompyuta. "Mfumo unasoma mwezi kwanza, mama. Kwake iliisha tarehe tisa Mei."

"Na wewe unasomaje?"

"Kama wewe. Ila siruhusiwi kubishana na mfumo." Akashusha sauti. "Omba upya kuanzia tarehe kumi na tatu. Leseni itaandikwa siku hiyo, na mwezi wa kumi na tatu haupo, hapo mfumo unalazimika kusoma kama sisi."

Ilikuwa tarehe nne. Mama akaenda kwenye benchi, akavua viatu. "Nangojea hapa hapa."

Sisi wa foleni, wenye karatasi kama yake, tukasogea kwenye benchi, tukakaa naye.